Redio za Kigoma: sauti ni yetu, mlipaji ni nani?

Tarehe 15 Mei 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kwa miezi mitatu, hadi 15 Agosti, ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana. Kwenye taarifa za habari za kitaifa jambo hilo lilisomwa, likapita, ikafuata michezo. Kwa Kibirizi, Katonga, Ujiji na vijiji vyote vya mwambao ulikuwa ni ugali wa nyumba kwa miezi mitatu. Dagaa walioanikwa kabla ya tarehe hiyo wanaruhusiwa kusafirishwa? Mkopo wa nyavu na injini unalipwaje ikiwa mtumbwi umepandishwa mchangani? Mama anayenunua dagaa kwa ndoo na kuwauza kwa kopo sokoni Mwanga ashike biashara gani mpaka ziwa lifunguliwe? Maswali ya namna hiyo hayawezi kuenea katika taarifa ya dakika kumi kutoka Dar es Salaam au Dodoma, na sioni sababu ya kuwalaumu watangazaji wa huko, maana wao wanasema na nchi nzima. Mahali pake ni redio ambayo mtangazaji wake naye anakula dagaa wa Kibirizi, na afisa uvuvi anaweza kupanda bodaboda akafika studio kabla wimbo haujaisha.

Mjadala wetu kuhusu redio za mikoani huwa unaanzia na kuishia kwa watangazaji: hawajasoma, wanaiga lafudhi ya Dar, wanapiga muziki kutwa nzima, hawana habari za kwao. Mengi ya malalamiko hayo ni ya kweli. Lakini kila nikifuatilia chanzo cha udhaifu mmoja baada ya mwingine, naishia mlango uleule: nani analipa bili. Tangu mawimbi ya redio yafike magharibi mwa nchi hii, mlipaji amekuwa mbali na msikilizaji. Walipaji wamebadilika, umbali umebaki palepale. Na mpaka sehemu ya hela hiyo itoke hapahapa, kwa utaratibu ulio wazi, redio za Kigoma na Tabora zitaendelea kuwa na wasikilizaji wake hapa na mabwana wake kwingine.

Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951 chini ya serikali ya kikoloni, ikilenga watu wa Dar es Salaam. Mwaka 1956 likaundwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika, na mwaka 1965 serikali huru ikalivunja na kuichukua redio moja kwa moja. Ndipo ikazaliwa Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD ya wazee wetu. Kwa karibu miaka thelathini RTD ndiyo iliyokuwa redio, hakuna nyingine ya nchini kwa upande wa bara. Mawe ya redio yalipochoka yalianikwa juani ili yafike angalau taarifa ya saa mbili usiku. Watu walingoja matangazo ya vifo, salamu za Ugua Pole, na watoto walikingoja kipindi cha Mama na Mwana. Aliyefiwa Kasulu na ana kaka anayefanya kazi Tanga alipeleka tangazo Dar es Salaam, likasomwa Dar es Salaam, kaka akalisikia Tanga. Ilifanya kazi. Ila tazama njia iliyopita habari hiyo: msiba wa Kasulu ulilazimika kwenda pwani kwanza ndipo uwe msiba uliotangazwa, hata kwa jirani wa kijiji cha pili.

Siibezi RTD hata kidogo. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni mbili katika vikundi vya vijijini, kila kikundi na kiongozi wake aliyepewa mafunzo, kijitabu chake na redio yake. Walisikiliza kipindi, wakajadili, wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka karibu na nyumba. Nadhani hakuna jambo lililofanywa na redio katika nchi hii lenye uzito kama lile. Na ukitazama kwa nini lilifaulu, utaona kwamba kipindi chenyewe kilikuwa nusu tu ya kazi. Nusu ya pili ilikuwa wale watu waliokaa chini ya mwembe na kuuliza: sisi hapa, kwa maji haya ya mto wetu, tunafanyaje? Redio ya taifa ilileta somo, kijiji kikalitafsiri katika hali yake. Fedha za kampeni zilitoka serikalini na kwa wafadhili, Sweden ikiwa mbele. Kampeni ilipokwisha, vikundi vingi navyo vikatawanyika. Hakukuwa na redio ya jirani ya kuviendeleza.

Muziki unaonyesha jambo hilohilo kutoka upande mwingine. Tabora ilitoa bendi ambazo nchi nzima ilizicheza: Kiko Kids, Tabora Jazz, Nyanyembe Jazz. Majina hayo yalikuzwa na RTD, na kanda zilizorekodiwa zikabaki kwenye ghala la RTD, Dar es Salaam. Leo mtangazaji wa Tabora akitaka kuwapigia wazee wa Tabora nyimbo za Tabora, anazitafuta mtandaoni kwa watu wa ng'ambo waliozikusanya, au anaomba Dar. Mji ulioimba hauna nakala ya uimbaji wake. Sheria haikukataza kuhifadhi, ila hakuna aliyelipwa kufanya kazi hiyo huku, basi haikufanyika.

Sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 ilifungua mlango kwa redio binafsi. Radio One ikaanza Dar es Salaam mwaka uliofuata, na Mwanza nayo ikapata Radio Free Africa. Mwenye mtaji alikwenda penye biashara, na hilo linaeleweka. Huku kwetu kilichosukuma redio kilikuwa vita ya jirani.

Nchini Rwanda, redio ya RTLM ilianza kurusha matangazo mwaka 1993, na mwaka 1994 ikawa chombo cha kuchochea mauaji ya kimbari, ikiwataja watu na mahali walikojificha. Mwaka 2003 mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha iliwatia hatiani wakuu wake. Mwishoni mwa Aprili 1994, katika muda wa siku moja hivi, watu zaidi ya laki moja walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara. Watu wale walikuwa wametoka kwenye nchi ambako redio iliua. Ndiyo maana baadhi ya mashirika yaliona kwamba pamoja na mahema na unga, wakimbizi walihitaji redio ya kweli. Fondation Hirondelle, shirika la waandishi wa habari la Uswisi, ikaendesha Radio Agatashya kutoka Bukavu, Zaire (Kongo ya leo), na mwaka 1995 shirika la Wajesuiti la kuwahudumia wakimbizi likaanzisha Radio Kwizera pale Ngara. Agatashya ilizimwa na vita vya Zaire vya 1996. Kwizera ikadumu.

Hapo ndipo wenyeji wa Ngara, Kakonko na Kibondo walipopata redio inayozungumza mambo ya umbali wa baiskeli. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Kambi zilihitaji habari za chanjo, maji, watoto waliopotezana na wazazi na hali ya usalama kule walikotoka. Mwenyeji naye akasikia habari za chanjo ya mtoto wake, bei ya maharage, na majina ya vijiji ambavyo havikuwahi kutajwa redioni tangu dunia iumbwe. Wakimbizi wa Rwanda walirudishwa kwao Desemba 1996, Warundi wengi wakarudi miaka iliyofuata, kambi za Ngara zikafungwa, na redio ikabaki na wasikilizaji ambao hawakuwa walengwa wa kwanza. Sijui kama tumewahi kuipima vizuri maana ya jambo hilo: sehemu kubwa ya Buha, nchi ya Waha, ilionja redio ya karibu kwa hisani ya fedha za maafa.

Redio za masafa ya FM zenye makao hapahapa zilikuja baada ya hapo. Kigoma mjini ipo Joy FM, Kasulu ipo Buha FM, ipo Uvinza FM. Tabora wanazo Voice of Tabora, CG FM na Uhai FM. Mamlaka ya Mawasiliano, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, imeweka madaraja ya leseni: ya kitaifa, ya mkoa, ya wilaya na ya kijamii. Kwa karatasi, nafasi ya redio ndogo ipo na inatambuliwa.

Ardhi yetu ndiyo haikurahisisha. Mawimbi ya FM hupita kama macho yanavyoona: mlima ukiziba, sauti inakatika. Mji wa Kigoma uko chini kando ya ziwa, na mashariki yake ardhi inapanda kwa ghafla kuelekea nyanda za Buha. Mtu wa Kalinzi aliye juu kwenye kahawa anaweza kuipata vizuri stesheni ambayo mtu wa Mwamgongo, aliye chini mwambaoni nyuma ya milima ya Gombe, haipati kabisa. Wakati huohuo ziwa ni tambarare, halina kizuizi, basi sauti za ng'ambo zinakuja bila kupiga hodi. Kuna usiku ambao Kongo na Burundi zinasikika mwambaoni kuliko Kigoma yenyewe. Kurekebisha hilo kunataka mnara wa pili na mtambo wa pili, na kila mwenye mtambo ukanda huu anaiogopa radi, ambayo ikipiga mara moja inaweza kuondoka na mashine iliyonunuliwa kwa mkopo wa miaka.

Umeme nao una hadithi yake. Kwa miongo mingi mkoa wa Kigoma uliendeshwa kwa mitambo ya dizeli, na wilaya zake zilianza kuunganishwa na gridi ya taifa mwaka 2022. Maana yake redio zilizoanzishwa kabla ya hapo zilipanga ratiba kwa kufuata mgao. Umeme ukikatika unawasha jenereta, mafuta yakipanda bei unapunguza saa. Stesheni inayofunga saa nne usiku kwa sababu ya dizeli imempoteza mvuvi, kwa kuwa mvuvi wa dagaa anafanya kazi usiku.

Nimewahi kuonyeshwa daftari la matangazo katika studio moja ya mkoa huu. Ni kaunta buku la jalada gumu, kurasa zimechorwa safu kwa rula: tarehe, jina la mleta tangazo, tangazo lenyewe, lisomwe mara ngapi, kiasi. Kwenye ukurasa mmoja kulikuwa na kifo cha Gungu, mazishi Kalinzi, ndugu wa Kaliua na Mpanda wajulishwe. Chini yake mbuzi wawili waliopotea Mwandiga, mmoja ana sikio lililochanika. Kisha cheti cha kidato cha nne kilichodondoka stendi ya Masanga, kikao cha VICOBA kilichoahirishwa, na mashine ya kukamua mawese inayouzwa, mnunuzi apige simu jioni tu. Safu ya mwisho ilikuwa na mwandiko tofauti tofauti: kalipa, nusu, kesho. Mbele ya vifo kadhaa iliandikwa bure. Nikamwelewa mtunza daftari bila kumuuliza. Ni vigumu kumdai aliyefiwa, na katika mji ambao kesho mtakutana msibani, ni vigumu zaidi.

Ukurasa ule ulikuwa na mji mzima ndani yake. Hakuna redio ya taifa inayoweza kuutoa, na hakuna mtandao wa simu ulioubatilisha, kwa sababu tangazo la redio linamfikia hata asiye kwenye kundi lako la WhatsApp. Lakini jumlisha safu ile ya mwisho, uiweke mbele ya ada ya leseni, pango, umeme, malipo ya haki za muziki na nauli ya fundi anayetoka Mwanza au Dar mtambo ukileta shida. Haitoshi. Huduma ambayo watu wanaihitaji zaidi ndiyo inayoingiza kidogo zaidi, na pengo linalobaki lazima lizibwe na mtu. Ni nani anayeliziba?

Wa kwanza ni mradi. Shirika linakuja na kipindi chake cha lishe, haki za watoto au mazingira, linalipia wiki kumi na mbili, linatoa mada zote na mwongozo wa maswali. Vipindi vingi kati ya hivyo ni vizuri, vimetungwa na watu wanaojua kazi yao. Shida iko wiki ya kumi na tatu. Msikilizaji anapiga simu kuendeleza swali lake, kipindi hakipo tena, mada imehamia kwenye jambo jingine ambalo mfadhili wa sasa analitaka. Redio inajifunza kufuata miradi badala ya kufuata maswali ya watu, na watangazaji wazuri wanajifunza kuandika ripoti za miradi.

Wa pili ni mwanasiasa, hasa mwaka wa uchaguzi. Wapo wanaomiliki redio, na wapo wanaonunua saa za hewani. Kununua muda si kosa. Kosa linaanza pale redio inapokuwa na mlipaji mmoja mkubwa, halafu linakuja jambo la barabara au la kiwanja linalomhusu. Mtangazaji hahitaji kuambiwa anyamaze. Anajua mwenyewe.

Wa tatu ni mganga wa tiba asili, kampuni ya kubeti, na mhubiri anayeahidi uponyaji. Hapa nasema kwa uchungu. Mtu anayesikia asubuhi kutoka kwa daktari wa wilaya kwamba kisukari ni ugonjwa wa kutibiwa hospitali, kisha jioni, kwa sauti ileile ya mtangazaji anayemwamini, anaambiwa kuna dawa ya unga inayokimaliza kwa wiki mbili, huyo ameuzwa. Imani aliyoijenga kwa redio kupitia matangazo ya misiba na mbuzi waliopotea ndiyo inayopangishwa kwa muuza unga. Menejimenti inajua hivyo, na mwisho wa mwezi inapokea.

Wa nne, ambaye watu hawamhesabu, ni mtangazaji mwenyewe. Redio nyingi ndogo zimeendeshwa na vijana wa kujitolea, wasio na mshahara, wanaoishi kwa posho na nauli wanazopewa na wenye shughuli. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 na kanuni zake zilitaka mwandishi awe na stashahada, zikatoa muda wa mpito hadi mwisho wa 2021. Kutaka taaluma ni haki. Lakini stashahada inagharimu, na aliyeipata hakai studio ya Kasulu bila mshahara akingoja bahasha ya semina, anapanda basi. Kwa hiyo kila baada ya muda redio inaanza upya na sauti mpya isiyojua mwenyekiti wa mtaa wa Buzebazeba ni nani, wala mgogoro wa shamba fulani ulianza lini.

Ukishawaona walipaji hao wanne, mwenendo wa redio unajieleza wenyewe. Kwa nini asubuhi tunasomewa kurasa za mbele za magazeti ya Dar es Salaam kwa saa nzima? Kwa sababu kusoma gazeti hakugharimu kitu, na kumtuma mwandishi Kagunga kunataka nauli ya boti, siku mbili na mahali pa kulala. Kwa nini Simba na Yanga kila jioni? Kwa sababu mdhamini yupo. Kijana wa Kigoma anayeiga lafudhi ya mjini hafanyi hivyo kwa kudharau kwao, anajiandalia kazi ya Dar, kwa kuwa ndiko kwenye mshahara. Mawakala wanaogawa fedha za matangazo ya makampuni makubwa wako Dar, na wanapeleka fedha kwa stesheni wanazozisikia wakiwa kwenye foleni ya asubuhi.

Nimeitaja Kagunga. Mei 2015, baada ya jaribio la mapinduzi Burundi, redio binafsi za Bujumbura zilishambuliwa na kuharibiwa, na makumi ya maelfu ya Warundi wakakimbilia kijiji hicho kidogo cha wavuvi kilicho mpakani, kati ya mlima na maji. Kipindupindu kikalipuka. MV Liemba, meli iliyoingia majini mwaka 1915, ikafanya safari za kuwahamisha kuja Kigoma, wakapokelewa kwenye uwanja wa mpira wa Lake Tanganyika kabla ya kupelekwa Nyarugusu. Fikiria mahitaji ya habari ya siku zile. Mwenyeji wa mwambaoni alihitaji kujua kama maji ya ziwa yanafaa, kama kipindupindu kimefika kijiji chake, kama uvumi wa watu wenye silaha ni wa kweli. Mkimbizi alihitaji kujua boti inayofuata ni lini. Habari za aina hiyo zinataka mtu aliye pale, anayejua njia ya kijiji kwa kijiji, na anayeongea lugha inayoeleweka na pande zote mbili.

Kiha, Kirundi na Kinyarwanda ni lugha za ukoo mmoja, zinaelewana kwa kiasi kikubwa. Redio ya taifa ya Burundi inarusha matangazo kwa Kirundi. Kwa hiyo bibi wa Heru Juu au Manyovu aliyekua bila shule anaweza kuisikia redio ya nchi jirani kwa lugha iliyo karibu zaidi na ya nyumbani kwake kuliko redio za nchi yake. Kanuni zetu zinataka matangazo yawe kwa Kiswahili au Kiingereza, isipokuwa kwa kibali maalumu. Msingi wa kanuni hiyo naukubali, na nauheshimu. Kiswahili ndicho kilichotufanya tusiulizane kabila, na tuliowapokea watu wa Rusumo tunajua redio ya kikabila inaweza kufanya nini. Hata hivyo dakika kumi na tano za mganga mkuu wa wilaya akieleza kipindupindu kwa Kiha, zimerekodiwa, zimetafsiriwa na kuwekwa kwenye kumbukumbu za mamlaka, haziwezi kuwa hatari kwa umoja wa taifa. Kibali cha namna hiyo kiombwe na kitolewe kwa mambo ya afya na maafa. Bibi yule ana haki ya kuonywa na nchi yake.

Turudi kwenye hela. Mkoa wa Kigoma una halmashauri nane, na kwa sensa ya 2022 una watu 2,470,967. Kila halmashauri ina baraza la madiwani linalokaa kila baada ya miezi mitatu, ina zabuni za kutangaza, mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu ya kueleza, ushuru wa kufafanua, na chanjo za kuhimiza. Mambo hayo tayari yanafika redioni, ila kwa mlango wa nyuma: mkurugenzi anamwita mwandishi, anampa nauli, habari inatoka kama hisani. Napendekeza yaingie kwa mlango wa mbele. Halmashauri iingie mkataba wa miaka mitatu na redio zilizo ndani ya eneo lake, bei ipitishwe barazani na kubandikwa ubaoni. Redio irushe vikao vya baraza kwa sauti kamili, mwanzo hadi mwisho, pamoja na saa moja ya maswali ya wananchi kila wiki. Mkataba useme waziwazi kwamba haugusi taarifa ya habari.

Najua pingamizi litakalotolewa, na ni pingamizi zito: anayelipa atatawala. Mkurugenzi akikerwa na habari ya darasa lililoachwa bila paa, atachelewesha malipo. Ndiyo maana nasema miaka mitatu, bei iliyo wazi, na malipo ya kila robo mwaka yanayosomwa barazani mbele ya madiwani wa pande zote. Ndiyo maana pia fedha hizo zisizidi theluthi ya mapato ya redio. Theluthi ya pili itoke kwa wenye shughuli wa hapa: wafanyabiashara wa dagaa na mawese, ushirika wa kahawa Kalinzi, na kwa wenzetu wa Tabora, vyama vya msingi vya tumbaku vya Urambo, Kaliua na Sikonge. Mkulima wa tumbaku anauza kwa madaraja na kwa bei ya dola. Redio inayomsomea bei ya kila daraja siku ya soko, na kiwango cha kubadilisha fedha cha siku hiyo, inamwingizia zaidi ya mchango atakaokatwa na chama chake. Kinachobaki kitoke kwa matangazo ya kawaida na kwa wasikilizaji wenyewe kupitia simu, kidogo kidogo. Watu waliokuwa wakinunua kadi za salamu ili majina yao yasomwe hawawezi kushindwa kuchangia redio inayosoma majina ya wafu wao. Sharti lake ni moja, mapato na matumizi yasomwe hewani.

Mlipaji mmoja anaweza kukuzima. Walipaji kumi waliotofautiana, wote wanaoishi ndani ya masafa yako, ni vigumu wakubaliane kukuzima siku moja.

Katika mkataba huo kuwe na kifungu cha kumbukumbu. Sasa hivi vipindi vinahifadhiwa kwenye kompyuta ya studio mpaka diski ijae, kisha vya zamani vinafutwa ili vipya vipate nafasi. Wazee wanaoeleza jinsi Ujiji ilivyokuwa, madiwani walioahidi daraja, mvuvi aliyepiga simu siku ya kwanza ziwa lilipofungwa, wote wanafutwa kwa kubonyeza mara moja. Tulishaachia kanda za bendi za Tabora zikaishi Dar, na hizi hazitaishi popote. Gharama ya kuzitunza ni diski mbili za ziada kwa mwaka na kijana mmoja anayelipwa kuandika tarehe, jina na mada ya kila faili. Nakala moja ibaki studio, ya pili ipelekwe maktaba ya mkoa, mwananchi yeyote aweze kuomba kusikiliza alichoahidiwa.

Mwaka wa fedha wa halmashauri unaanza Julai, na rasimu za bajeti zinajadiliwa miezi kadhaa kabla, kuanzia ngazi ya kata. Kwenye kikao cha kata kuna nafasi ya kuuliza maswali, na diwani analazimika kujibu.